Mama Anataka Kusukwa

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya nyumba Kipusa alipotoka kwenda dukani kununua rasta.

"Chukua nyeusi," dada yake alimwagiza kutoka jikoni. "Za kutosha kichwa kizima. Na usikawie, nataka unianze kabla giza halijaingia."

Kipusa hakuona ajabu. Msusi hana likizo. Mjini anasimama saluni kutwa nzima mpaka miguu inawaka moto, na akija nyumbani kupumzika anakuta vichwa vimepangwa foleni. Tofauti ni kwamba nyumbani anakaa kwenye kigoda, na ujira wake ni sahani ya chakula na maneno matamu.

Hii ilikuwa likizo ya kwanza tangu Mama afariki. Kusema kweli, Kipusa hakutaka kuja. Aliona afadhali abaki mjini na redio yake kuliko kukaa kwenye nyumba ile na kukitazama kiti kitupu. Lakini kaka yake, dereva wa lori, alimfuata mwenyewe mpaka mlangoni. Jambo hilo hakuwahi kulifanya tangu wazaliwe. Alimbebea begi, na njia nzima alikuwa akimuuliza kama kiti kinamtosha, kama upepo haumpigi. Walipofika, Dada akamwachia kitanda chake. Mezani kila kipande kinono kilitua kwenye sahani ya Kipusa.

"Kula, mdogo wangu. Umekonda mno."

Basi usiku alilala akiwaza kwamba kumbe msiba unaweza kuwarudisha watu kwenye undugu. Moyo ulimjaa furaha, kisha akaionea haya furaha yenyewe.

Wifi yake tu, mke wa Kaka, ndiye aliyemtia wasiwasi. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Akicheka, mtaa wa pili wanajua. Likizo hii alikuwa kimya kama aliyemwagiwa maji. Kila macho yao yalipokutana, aliinamia sufuria.

Dukani, mwenye duka alishusha mafungu ya rasta huku akitikisa kichwa.

"Rasta tena?"

"Tena kivipi?"

"Mwanangu, dada yako ndiye mteja wangu mkubwa. Tangu mlipomzika marehemu, kila wiki yuko hapa. Juzi nikamuuliza, mwalimu, hizi rasta unasukia au unakula?"

Akacheka mpaka kifua kikatikisika. Kipusa naye akacheka. Kisha akakumbuka jambo.

Tangu afike, hajamwona dada yake bila kilemba. Asubuhi anacho. Akioga anatoka nacho. Hata kulala analala nacho.

Akaondoka na mfuko wake mkononi, akijiambia kwamba kila mtu na namna yake ya kuomboleza.

Alipofika nyumbani alikuta umeme umekatika. Kaka alikuwa ameketi kwenye ukumbi, mkabala na mlango wa chumba cha Mama, mikono kaibana katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi.

"Dada yako anakungoja mle," alisema. "Kuna dirisha kubwa. Bado kuna mwanga."

"Chumbani kwa Mama?"

Chumba kile kilikuwa kimefungwa tangu siku ya mazishi. Wenyewe walimwambia kwamba hawana moyo wa kukiingia.

"Tumeona wakati umefika wa kukifungua." Alisema hivyo akiitazama miguu yake. Kipusa alipompita, Kaka alimdaka mkono, akaubana.

"Nini, Kaka?"

Akauachia. "Hakuna. Nenda tu, mdogo wangu."

Chumbani kulikuwa na mwanga mwekundu uliolala sakafuni kama mkeka wa pili. Dada alikuwa ameshakaa chini, mgongo mlangoni, kitenge mabegani, kichwa kimeinama, nywele zimeachiwa. Nyuma yake kigoda kiliwekwa tayari, na juu yake kitana cha mkia.

"Leo umewahi," Kipusa alitania huku akiketi. "Wateja wangu wa mjini wangekuwa kama wewe, ningekuwa na saluni yangu."

Hakucheka.

"Mtindo gani?"

"Twende kilioni." Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka.

"Ule wa Mama." Kipusa akatabasamu. "Una mafua?"

"Mm."

Akachambua rasta, akazitundika begani. Akachana njia ya kwanza kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, akaanza.

Nywele zilikuwa za baridi. Zilikuwa kama nywele zilizooshwa na kuachwa bila kukaushwa. Tena zilikuwa nyingi, ndefu, zimejiviringa na kushikana, na humo ndani vidole vyake vilikutana na vipande vya misuko ya zamani, misuko mibaya ya mkono usiojua kazi. Nani alikuwa akimharibu hivi?

Na harufu... Mwanzoni aliisikia ile ya mafuta ya nywele ya Mama, na pua ikamwasha kwa machozi. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Akajiambia kwamba ndivyo kinavyonuka chumba kilichofungwa muda mrefu.

Njia ya kwanza ikaisha. Ya pili. Mikono ilipoizoea kazi, ulimi nao ukafunguka, maana ndivyo wasusi walivyo.

"Unajua kinachoniuma, Dada?" alisema taratibu. "Siku ile nilikuja na kitana changu kwenye mkoba. Nilitaka nimsuke Mama, aondoke nadhifu. Mwenyewe unamjua, hata sokoni alikuwa haendi kichwa wazi. Nikakuta mmeshamfunika. Mkasema hakuna muda."

"Hakuna muda," sauti ikarudia.

"Siwalaumu. Lakini nikilala namwona na nywele zile."

Kichwa kikatikisika polepole mikononi mwake. Kilikuwa kinakubali.

Akakilaza upande ili achane njia ya karibu na sikio. Kidole gumba kikapita nyuma ya sikio la kushoto. Kikakuta kinundu.

Kidogo, kigumu, kama punje ya hindi chini ya ngozi.

Akakipapasa tena. Kinundu kile alikijua. Alikijua tangu alipokuwa msichana anayejifunza kusuka, na kila alipokigusa kwa kitana mwenye kichwa alimwambia, taratibu hapo, mwanangu.

Dada hakuwa na kinundu.

Mikono ikasimama. Hapo ndipo aliposikia watu wakinong'ona nje ya mlango.

"Ameanza?"

"Ameanza."

"Basi funga."

Sauti iliyosema funga ilikuwa ya dada yake.

Ufunguo ukazunguka.

Kipusa alitaka kupiga kelele, lakini kelele ilikataa kutoka. Mwanga mwekundu ulikuwa umepanda ukutani, umebaki utepe tu. Kichwa kilikuwa palepale, katikati ya magoti yake, kizito.

"Mbona umesimamisha mkono?"

Kipusa aliutazama mlango.

"Mmenizika na nywele timtim," sauti ikanong'ona. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na malalamiko, kama ya mtu aliyesahauliwa kituoni. "Dada yako mkono wake mzito. Anavuta. Kila akikaribia mwisho anaogopa, anaacha. Nikamwambia aniletee mwenye mkono mwepesi."

"Mama... ni wewe?"



"Suka."

Vidole vikaanza kusuka.

Yeye hakuviamuru. Vidole vilienda vyenyewe, vikipishana, vikiokota nywele, vikiongeza rasta, haraka na vizuri kuliko alivyowahi kusuka maishani. Na kila alipofunga msuko mmoja, alihisi ngozi ya kichwa chake mwenyewe ikivutwa. Kama kwamba nyuma yake, kwenye giza, kulikuwa na mtu mwingine aliyekaa kwenye kigoda kingine, akimsuka yeye.

Baridi ikampanda kutoka kwenye kucha mpaka viwiko. Akajaribu kuwaza saluni, aikumbuke njia ya kurudi mjini. Hakuikumbuka. Badala yake alikumbuka jambo lisilo lake. Alimwona mtoto mgongoni, moto kwa homa, na yeye akizunguka naye ndani ya chumba hikihiki, akimbembeleza. Akamgeukia mtoto amtazame.

Mtoto alikuwa yeye mwenyewe.

Njia zikabaki mbili. Ikabaki moja.

"Wifi!"

Kitu kilikwaruza dirishani. Nyuma ya nondo kulikuwa na uso wa mke wa kaka yake, macho yamemtoka.

"Wifi, usiufunge huo wa mwisho! Ukiufunga unampa nafasi yako! Unanisikia? Uache!"

Kipusa alimsikia kama mtu anayesikia akiwa chini ya maji. Vidole vilikuwa vimeshafika kisogoni. Akauma ulimi kwa nguvu, na ladha ya damu ikamrudisha. Akavivuta vidole kimoja kimoja, kama mtu anayebandua gundi, na ule msuko ukaanza kufumuka wenyewe.

"Maliza," sauti ikasema. Mara hii haikunong'ona.

"Siwezi, Mama."

"MALIZA!"

Huko nje wifi yake alianza kupiga yowe: "Moto! Moto jikoni! Jamani nyumba inaungua!" Vishindo vya miguu vikakimbia ukumbini kuelekea uani. Punde ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka, na mkono wenye harufu ya vitunguu ukamshika Kipusa begani.

Kichwa kilikuwa kimeanza kugeuka.

Kiligeuka taratibu, misuko yote ikiteleza juu ya kitenge. Wifi yake alimziba macho kwa kiganja.

"Usimtazame," alisema huku akimburuta. "Ukimtazama hutatoka."

Akatoka kinyumenyume, akijikwaa, kiganja cha wifi usoni. Hajui mpaka leo angeona nini.

Uani hapakuwa na moto wowote. Kaka alikuwa amesimama na ndoo ya maji mkononi, ametoa macho. Dada, aliyemwona Kipusa kwanza, aliketi palepale kwenye ngazi, kama aliyekatwa miguu.

"Hatukutaka kukudhuru," alisema.

"Mlinifungia." Kipusa alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Ulisema funga."

Dada akavua kilemba. Kwenye mwanga wa mwisho wa siku, kichwa chake kilikuwa kitupu, laini kama kiganja. Hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Alianza kuja wiki ileile," alisema. "Jioni jioni. Nafungua mlango, namkuta kwenye mkeka, anataka kusukwa. Namsuka. Wiki inayofuata zimefumuka, yupo tena. Na kila nikimsuka anachukua kidogo cha kwangu. Tulikwenda kuuliza kwa mtu anayejua mambo haya. Akatuambia, atakayefunga msuko wa mwisho atampa nafasi yake. Mama atarudi, kabisa, ndani ya huyo."

"Na huyo ni mimi."

Dada akakikunja kilemba mapajani.

"Kwa nini mimi?"

Kaka aliweka ndoo chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hilo ndilo lililomuumiza Kipusa kuliko yote, kwamba alikuwa analia kweli. "Sisi tuna watoto, mdogo wangu," alisema. "Wanatutegemea."

"Na mimi sina mtu, kwa hiyo siyo mtu?"

"Usiseme hivyo."

"Nyumba imekufa, Kipusa," Dada akadakia. "Wewe hujui. Huishi hapa. Unakuja mara moja kwa mwaka, unakaa siku mbili tatu, unaondoka. Mama tulikuwa naye kila siku. Tukafikiri..." Akasita, lakini neno lilikuwa limeshafika mdomoni. "Tukafikiri pengo lako tungelizoea."

Jikoni kitunguu kilikuwa kinaungua kwenye sufuria.

Kipusa alizitazama nyuso zile mbili alizokua nazo. Akakumbuka kile kitanda alichopewa, na vile vipande vya nyama. Walikuwa wanamnenepesha kama mbuzi.

"Mama ndiye aliyenitaja?" aliuliza. "Au ninyi?"

"Yeye," alisema Kaka.

"Mimi," alisema Dada.

Walisema kwa pamoja. Kisha wakatazamana, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Kipusa hakusubiri waelewane. Hakurudi ndani hata kuchukua begi. Wifi yake alimsindikiza mpaka barabarani, akamsimamishia gari, akampa viatu vyake mwenyewe, maana Kipusa alikuwa peku.

"Nilijua tangu mwanzo," wifi alisema, akilia. "Mume wangu aliniapisha. Nisamehe, wifi."

"Wewe umefungua mlango," Kipusa akamjibu. "Wao tulizaliwa tumbo moja, wakafunga."



Mjini alirudi kazini. Kwa muda mrefu hakuweza kumsuka mteja aliyekaa chini. Alitaka akae kwenye kiti, mbele ya kioo, amwone uso. Simu za Kaka hakuzipokea. Za Dada pia. Baadaye zilikoma zenyewe, na akaona afadhali, na hapohapo akaumia kwamba zimekoma.

Siku moja mchana, saluni ikiwa imejaa na mashine zinanguruma, wifi yake alimpigia simu. Alikuwa ameondoka nyumba ile. Yuko kwao na watoto wake.

"Sikai tena pale," alisema. "Mume wangu anang'ang'ania nirudi. Anasema sasa nyumba ina raha. Wifi, raha yenyewe ndiyo siiwezi."

"Kumetokea nini?"

Wifi, yule wa maneno mengi, alitafuta neno akalikosa. "Mpigie dada yako. Usikie mwenyewe."

Kipusa alitoka nje, akasimama kivulini pembeni ya ukuta. Alishika simu kitambo kirefu kabla ya kubonyeza. Alikuwa ameyapanga maneno yake yote, yale aliyoyapika kifuani tangu jioni ile. Angeyasema, kisha angekata, kisha asingepiga tena kamwe.

Ilipokelewa mara moja.

"Dada," alianza, "nisikilize..."

"Eeh, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya dada yake. Hilo hana shaka nalo. Lakini ule mvuto wa pumzi kabla ya neno, ule uzito wa kusema "mwanangu" kama mtu anayeweka mzigo chini, haukuwa wa Dada.

"Dada yuko wapi?" Kipusa alinong'ona.

"Amechoka. Nimemwacha apumzike. Aliingia chumbani mwenyewe, siku ileile alipokoma kukupigia. Alisema hawezi kukupoteza wewe na mimi kwa pamoja."

Akaegemea ukuta. Huko nyuma, ndani ya simu, alisikia sahani zikigongana, na watoto wa Dada wakigombania kitu, na kaka yake akicheka. Kicheko kilikuwa cha shibe, cha mtu aliye kwao. Hakuna aliyekuwa akimlilia Dada. Pengo lake walikuwa wameshalizoea.

Kata, alijiambia. Kata simu sasa hivi.

"Mwanangu, upo?"

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Umekula?" sauti ikauliza.

Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyewahi kumuuliza hivyo, kwa namna hiyo, hata kabla ya salamu. Kipusa alifumba macho. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na kidole kikaondoka juu ya kitufe.

"Bado, Mama," akasema.